Mwenye Sikio Ndiye Aamue

Nimefanya kazi ya uuguzi thieta kwa miaka mingi jijini Dar es Salaam, sehemu kubwa nikiwa upande wa upasuaji rekebishi: kushona midomo sungura, kufungua makovu ya moto, kupandikiza ngozi. Sasa nimestaafu, nipo kwetu Tanga, lakini kazi haijaniacha. Nikienda arusini hapakosi mtu wa kunivuta kando. "Shikamoo nesi. Hebu mwangalie mjukuu wangu huyu, masikio yake." Mtoto anageuzwa huku na huku mbele za watu, ameinamisha uso, na mimi natakiwa nitoe hukumu papo hapo, sahani ya pilau mkononi.

Jibu langu la kwanza ni lile lile kila mara: masikio haya hayaumwi. Sikio lililochomoza linasikia sawa na lililolala, na kulirekebisha hakuongezi usikivu wala hakupunguzi. Tunazungumzia sura, na kwa jambo la sura nina maswali mawili tu. Nani anayetaka? Na ngozi yake huponaje? Mengine yote ni kazi ya daktari.

Pitisha kidole kwenye ukingo wa sikio lako, kisha kishushe kidogo kwa ndani. Utakuta tuta la pili linalokwenda sambamba na ukingo. Huo ni mkunjo wa gegedu, na ndio unaolilaza sikio nyuma. Kuna watu ambao mkunjo huo haukujitokeza walipokuwa tumboni, au ulijitokeza nusu, sikio likabaki limefunguka kuelekea mbele. Wengine mkunjo wanao, ila bakuli la katikati, lile linalozunguka tundu, lina kina kirefu na linalisukuma sikio zima nje. Wengi wana yote mawili. Daktari hupima kwa rula, na ukingo ukiwa umeachana na kichwa kwa zaidi ya sentimita 2, sikio huhesabiwa kuwa limechomoza. Mara nyingi ni urithi. Mtazame baba, au mjomba, utaona limetokea wapi.

Dawa rahisi kuliko zote hutolewa wiki za kwanza za maisha, na ndiyo ambayo wazazi wengi hawajaisikia. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa bado na homoni za mama yake mwilini, na homoni hizo hulifanya gegedu la sikio liwe laini kama jani la mgomba lililopitishwa motoni: ukilikunja, linakunjika. Daktari huweka kitegemezi kidogo laini kwenye bonde lililo kati ya ukingo wa sikio na lile tuta la pili, akakishikilia kwa plasta, na baada ya wiki chache sikio limeshika umbo jipya bila kisu wala sindano. Shida ni muda. Homoni zikishapungua gegedu hukaza, kwa hiyo matokeo mazuri hupatikana tiba ikianza ndani ya wiki mbili tatu za kwanza, na mtoto akipita wiki 6 hivi faida imeshapungua sana. Ndiyo maana nawaambia akina mama: mnapompeleka mtoto kliniki kwa chanjo, mwonyesheni daktari na masikio. Baadhi hujinyoosha yenyewe, naye atawaambia. Msimfunge kitambaa kichwani usiku kucha kwa maarifa yenu. Ngozi ya mtoto mchanga huchubuka upesi, na joto la pwani mnalijua.

Nafasi hiyo ikipita, hakuna plasta wala kofia itakayolirudisha sikio nyuma, na upasuaji wenyewe lazima ungoje. Madaktari wengi hawamgusi mtoto kabla hajatimiza miaka 5 au 6. Katika umri huo sikio limeshafikia karibu asilimia 85 ya ukubwa wake wa utu uzima, gegedu lina nguvu ya kushika uzi, na mtoto anaweza kuelewa akiambiwa asivute bandeji.

Umri huo ndio wa kuanza shule, na shuleni ndiko majina yanakotoka: Popo, Antena, Dishi. Shule zetu nyingi za serikali zinataka nywele zikatwe ziwe fupi, wavulana kwa wasichana, kwa hiyo mtoto hana pa kuyafichia masikio. Anayevaa ushungi amepata ahueni kidogo. Utani huu si wa kwetu peke yetu. Upasuaji wa kwanza wa kurekebisha masikio yaliyochomoza kwa ajili ya sura ulifanywa na Edward Ely mjini New York mwaka 1881, na mgonjwa alikuwa mvulana wa miaka 12 ambaye wenzake walikuwa wakimcheka.

Hata hivyo si kila mtoto anayetaniwa ana donda moyoni. Nakumbuka mama mmoja aliyemleta mwanawe wa miaka 7. Alisimulia kwa machozi jinsi kijana anavyoteseka. Daktari akamgeukia mtoto mwenyewe. "Haya bwana mdogo, masikio yako unayaonaje?" Mtoto akafikiri. "Yako sawa. Mimi nataka kujua jino hili litatoka lini." Tulicheka, lakini daktari hakumpangia tarehe. Aliwaambia warudi mtoto atakapolitaja jambo hilo mwenyewe. Kumbe mama ndiye aliyekuwa akiitwa Dishi utotoni, na lile donda lilikuwa lake.

Nimewaona wengine pia, wanaojua wanachotaka. Mtoto wa miaka 9 anakuja na kofia, anaombwa aivue, anaivua pole pole, kisha anaeleza bila kusaidiwa na mtu: hapendi kukaa dawati la mbele, hapendi kupigwa picha. Huyo hushirikiana na wauguzi, huvumilia bandeji, na hupona vizuri kwa sababu jambo ni lake.

Sasa niwapitishe thieta, maana hofu nyingi huzaliwa na kutojua. Mtoto mdogo hupewa nusukaputi. Kijana mkubwa na mtu mzima anaweza kupigwa sindano za ganzi kuzunguka sikio akabaki macho. Kazi huchukua saa moja hadi mbili kwa masikio yote mawili. Daktari hulikunja sikio kwa vidole mpaka mkunjo uonekane pale unapotakiwa, halafu huchoma sindano nyembamba zilizochovywa wino wa buluu zikapenya hadi nyuma. Zinapotolewa huacha nukta, na nukta hizo ndizo ramani yake. Kisha anapasua ngozi nyuma ya sikio, kwenye mfereji linapokutana na kichwa, analifikia gegedu, na anapitisha nyuzi zisizoyeyuka. Anapokaza uzi, mkunjo unanyanyuka mbele ya macho yako. Hukaza kidogo, akasimama, akalitazama la pili, akapima, akakaza tena. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika rula na kutaja milimita.

Ushonaji huo ulielezwa mwaka 1963 na daktari wa Scotland aitwaye John Mustardé, na mwaka 1968 David Furnas wa Marekani akaeleza namna ya kuvuta lile bakuli la katikati na kulishikiza nyuma ya sikio. Mpaka leo mbinu hizo mbili hutumika, peke yake au kwa pamoja. Mustardé huyo huyo alipokuwa mzee alisaidia kuanzisha kituo cha upasuaji rekebishi na majeraha ya moto katika hospitali ya Korle Bu, Accra. Na hapa kwetu, shirika la afya la AMREF lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, wote mabingwa wa fani hii. Kwa hiyo anayeniambia upasuaji rekebishi ni anasa ya Wazungu, namwambia umekuwa ukifanywa Afrika Mashariki tangu kabla ya uhuru.

Baada ya kushona, shashi yenye mafuta hubanwa ndani ya kila bonde la sikio ili ngozi ilale vizuri, kisha kichwa kizima hufungwa bandeji. Hukaa hivyo wiki moja hivi. Ikishatolewa, mgonjwa hulala amevaa utepe wa kichwani kwa wiki kadhaa zaidi, asije akalikunja sikio usingizini. Shule anaweza kurudi baada ya wiki moja au mbili. Mpira na michezo ya kugongana ingoje, pengine hata miezi mitatu. Mimi huwashauri wazazi wachague likizo ya Juni kuliko ya Desemba. Kwenye joto la Desemba jasho linatiririka chini ya bandeji, mtoto anawashwa, na mkono hauishi kwenda sikioni.

Dalili moja wazazi waishike: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa upande mmoja, siku ya kwanza au ya pili. Huenda damu imekusanyika kati ya ngozi na gegedu, nayo isipotolewa mapema gegedu hukosa lishe na sikio likaharibika umbo. Usimpe dawa ya maumivu ukangoja kesho. Mrudishe hospitali usiku huo huo, bandeji ifunguliwe. Homa, usaha au harufu mbaya ni vivyo hivyo. Mengine ni madogo: ganzi ya muda kwenye ngozi, masikio kupishana kidogo, uzi kujitokeza. Kwa wachache sikio hurudi lilikotoka, ikabidi kushonwa tena.

Nakuja kwenye swali langu la pili, la ngozi. Sisi wenye ngozi nyeusi tumo katika kundi linalopata keloidi zaidi, lile kovu lisilojua kusimama: jeraha limeshafunga, kovu bado linakua, linawasha, linageuka tezi. Na sikio ni mojawapo ya mahali keloidi inapopenda. Nimeona wasichana waliokwenda kutoboa masikio kwa ajili ya hereni, wakarudi mwaka uliofuata na vinundu ukubwa wa njugu mawe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kuwa wanaotobolewa masikio wakiwa na miaka 11 au zaidi hupata keloidi zaidi kuliko wanaotobolewa wakiwa wadogo. Bibi zetu waliowatoboa wajukuu wangali wachanga hawakukosea sana.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia uzuri, chunguza mwili. Kovu la chanjo begani limevimba? Ulipokatwa na wembe, alama ilibaki bapa au ilinyanyuka? Mama, baba, ndugu, kuna mwenye keloidi? Mwambieni daktari yote, maana mficha maradhi kifo humfichua, na mficha keloidi kovu litamuumbua. Mwenye historia hiyo anaweza kushauriwa aache kabisa. Keloidi inayojitokeza hutibiwa kwa sindano za steroidi, kwa hereni maalumu za kubana, au kwa kukatwa pamoja na tiba nyingine. Kukatwa peke yake mara nyingi huirudisha ikiwa kubwa zaidi. Mtu aliyekwenda kuondoa utani akarudi na uvimbe nyuma ya sikio hajanunua raha.

Watu wazima nao huja, wengi karibu na harusi au wakishapata kazi na fedha yao wenyewe. Gegedu lao ni gumu zaidi, kwa hiyo daktari wakati mwingine hulikwangua kidogo ili likubali kupinda. Wana faida moja: wanajiamulia. Ila daktari makini huwasikiliza kwa makini pia. Anayesema "nataka nikinyoa nisijifikirie" ana lengo linalofikika. Anayeamini kuwa mume atarudi masikio yakilala, huyo anahitaji mazungumzo mengine. Kuna pia wenye ndewe zilizochanika kwa hereni nzito, na Wamaasai au Wasamburu waliotanuliwa ndewe kwa mila ambao leo wanataka zishonwe. Hilo ni jambo dogo, la ganzi na chini ya saa moja, na ni la kale: vitabu vya tiba vya India vinavyohusishwa na Sushruta vilieleza kushona ndewe zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Huku kwetu huulizwa pia kama ni kubadili maumbile ya Mungu. Hilo si la nesi. Wamwulize shehe au mchungaji wao, lakini wamweleze hali yote, kwa kuwa wanazuoni wengi hutofautisha kuondoa kasoro inayomdhuru mtu na kusaka urembo tu. Na gharama? Uingereza kwenyewe huduma ya afya ya umma kwa kawaida hailipii. Hapa pia usitegemee bima kugharamia kitu kinachoitwa urembo. Uliza kwanza, upate jibu la maandishi.

Ukienda kumwona daktari, mwulize haya. Wewe ni bingwa wa upasuaji rekebishi, au wa masikio, pua na koo? Masikio mangapi ya namna hii umeyafanya, na naweza kuona picha za wenye ngozi kama yangu? Nani atatoa dawa ya usingizi, na ana uzoefu wa watoto? Nikipata maumivu usiku nampigia nani? Likirudi, nani analipa? Anayekasirishwa na maswali hayo, mpe mkono wa kwaheri.

Majibu yakiridhisha, mpelekee mwenye sikio swali akiwa peke yake, bila shangazi na majirani. Akisema ndiyo, panga likizo. Akisema bado, iwe bado, na isimamishwe kila hadithi ya masikio nyumbani. Hatapoteza kitu kwa kungoja. Mkunjo huo unaweza kushonwa akiwa na miaka 7, 17 au 47.