Moto usioingia daftarini

Mwombe mchuuzi wa samaki wa Lituhi akufunulie daftari lake. Utaona bei ya ndoo ya dagaa, nauli ya Songea, ushuru, magunia. Kuni, mara nyingi, hazimo.

Hapa Mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa, usipa, dagaa wa ziwa hili, huanikwa juani. Lakini mvua zikishika, jua halitegemeki tena. Na samaki aina ya mbasa, kwa unene wake, hakaushwi na jua peke yake. Chanja juu ya moto ndiyo kiwanda chenyewe, na kiwanda hicho kinakula miti.

Kasoro ni kwamba tunanunua mzigo badala ya joto. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa megajuli 15 hivi. Gogo lililokatwa jana, ambalo nusu ya uzito wake ni maji, halifikishi hata 9. Moto unafanya kwanza kazi ya kuchemsha maji ya mti, ndipo uwageukie samaki, tena kwa moshi mzito unaowapaka masizi na kuwashusha bei.

Wenzetu wamejifunza kulipia joto. Växjö, mji wa Uswidi, ulianza mwaka 1980 kuchoma mabaki ya misitu na kupeleka maji moto majumbani kwa mabomba; mteja analipia joto lililomfikia. Nchini Kenya, viwanda vya chai vya KTDA hukaushia majani kwa kuni za mikaratusi, na kuni mbichi huko ni hasara inayoonekana kwenye hesabu. Karibu nasi zaidi, kampuni ya miti ya TANWAT ya Njombe huchoma mabaki ya miti yake kupata mvuke na umeme, kama kampuni ya sukari ya TPC kule Moshi inavyochoma makapi ya miwa.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kupikia, jina lenyewe linasema. Chanja ya samaki na tanuri la matofali vitasubiri.

Huko juu Mbinga kuna kahawa, na kukoboa huacha maganda makavu, takriban kilo moja kwa kila tano za kahawa ya maganda. Joto lipo. Ila maganda ni mepesi: lori hujaa kabla halijapata uzito, na yakimwagwa motoni ovyo hutoa moshi kuliko mwali. Yanataka kubanwa, na mashine ya kubana inataka mtaji ambao mchuuzi wa ndoo tatu hana.

Jiko la Chorkor, lililopewa jina la kitongoji cha wavuvi cha Accra, ni rahisi zaidi: kuta za udongo, trei zilizopangwa juu kwa juu, na moto mmoja ukikausha tabaka kadhaa. Rahisi kuliko hilo ni banda la bati la kuwekea kuni tangu Agosti, kabla mvua za Novemba hazijafika.