Kununua kompyuta ya nyumbani kwa bajeti ndogo: soma namba, usisome stika

Pita Moi Avenue au Digo Road hapa Mombasa utaziona: laptopu zimepangwa nyuma ya vioo, zimepanguswa zikang'aa, kila moja na stika yake ya "Core i7" na kikaratasi cha bei. Muuzaji atakwambia hii ni "ex-UK", imetoka ofisini Uingereza, haina hata mkwaruzo. Yote hayo yaweza kuwa kweli, na bado ukatoka dukani na mashine ambayo wakati wake umeshapita.

Nasema hivi kwa sababu kuna jambo limebadilika na wazazi wengi hawajaambiwa. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta zenye Windows hiyo hazikuzimika siku ile. Zinawaka na zinafanya kazi hadi leo. Kilichokoma ni marekebisho ya kawaida ya usalama, yale yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyapitia. Mrithi wake ni Windows 11, na huyo hakubali kuingia kila nyumba. Kompyuta nyingi za kizamani zimeachwa nje ya mlango, na nyingi kati ya hizo ndizo tunazouziwa sisi.

Kwa tajiri hilo si tatizo, atanunua nyingine. Lakini kwa mama aliyechukua pesa za chama, au baba aliyedunduliza mwaka mzima, kosa hili halirekebishiki kesho. Na kompyuta ya nyumbani siku hizi si kitu cha mchezo. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026, na kazi zao nyingi zinataka utafiti na uandishi wa kompyuta. Ombi la mkopo wa HELB, nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, ushuru wa KRA, huduma za eCitizen, yote hayo ni mtandaoni. Nyumba isiyo na kompyuta hukimbilia saiba kila mara, na huko huacha nakala za vitambulisho na nywila katika mashine za watu.

Basi tuelezane, hatua kwa hatua, namna ya kununua bila ya kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Anza na kazi, usianze na duka

Kabla hujatoka nyumbani jiulize kompyuta itafanya nini. Kwa familia nyingi jibu ni moja: kuandika, kutafuta habari kwenye intaneti, masomo ya video, barua pepe, fomu za serikali na kuhifadhi picha. Kazi hizi hazihitaji mashine ya bei kubwa. Kijana anayesomea uchoraji wa majengo au anayehariri video atahitaji yenye nguvu zaidi, na huyo aulize chuoni kwake ni programu gani zitatumika, kisha anunue kulingana na programu hizo.

Namba moja inayoshinda stika

Ubongo wa kompyuta ni prosesa. Zilizo nyingi sokoni ni za Intel, nazo huitwa i3, i5 na i7. Watu wengi huishia hapo: wanaona i7 wanadhani lazima iishinde i5. Si hivyo. Intel hutoa prosesa zake kwa vizazi, na kizazi kina uzito kuliko hiyo i7.

Kizazi husomwa katika namba inayofuata baada ya kistari. Prosesa iliyoandikwa i7-4600U ni ya kizazi cha 4, ilitoka 2013, na ina viini viwili vya kufanyia kazi. Ile iliyoandikwa i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ilitoka 2017, na ina viini vinne. Ukiziweka pamoja, hiyo i5 ndiyo bora, ingawa stika inasema vingine. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili: i5-1135G7 ni kizazi cha 11.

Kumbuka namba 8. Ukiondoa mashine chache sana za kizazi cha 7, Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa upande wa AMD, ukichagua Ryzen ya mfululizo wa 3000 kwenda juu utakuwa salama.

Jina la kompyuta peke yake halitoshi. HP EliteBook 840 G3 na Lenovo ThinkPad T460, ambazo zimejaa sokoni, ni za kizazi cha 6. EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 kwa kawaida ni za kizazi cha 8, lakini ziko zilizotoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7. Kwa hivyo usinunue jina. Fungua mashine usome namba ya prosesa.

Na tahadhari moja kubwa: kuiona Windows 11 kwenye skrini si ushahidi. Ziko njia za kuilazimisha iingie katika mashine isiyokubalika, na wapo mafundi wanaofanya hivyo kila siku. Itawaka vizuri tu dukani, lakini Microsoft haikuhakikishii marekebisho ya baadaye.

RAM na mahali pa kuhifadhia

RAM ni kama jamvi: likiwa kubwa, wageni wengi hukaa kwa raha. Ukifungua barua, ukurasa wa intaneti na video kwa wakati mmoja, hao ni wageni watatu. Kwa leo, 8 GB ndiyo kiasi cha kuanzia. Kwa 4 GB utaona kompyuta inasuasua hata kama prosesa ni nzuri.

Mahali pa kuhifadhia kazi patakiwe pawe SSD, si hadi diski ya zamani yenye sahani inayozunguka. SSD huiwasha kompyuta kwa sekunde chache, na haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hivyo haiumii kirahisi ikitikiswa kwenye matatu. SSD ya 256 GB yatosha nyumba ya kawaida. Ukitakiwa uchague kati ya hadi diski ya 1 TB na SSD ya 256 GB, chukua SSD.

Mpya ya bei ya chini, au mtumba mzuri?

Wengi wetu tukisikia "mpya" mioyo hutulia. Lakini laptopu mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na prosesa ya Celeron, RAM ya 4 GB na hifadhi ya 64 GB, vyote vikiwa vimechomelewa kwenye bodi. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakikubali. Ukiweka programu mbili tatu na marekebisho ya Windows, nafasi imekwisha, na fundi hana pa kuongeza.

Kompyuta ya ofisini iliyotumika ilitengenezwa kwa kazi ya kutwa. EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 zina nafasi mbili za RAM, kwa hivyo unaweza kuanza na 8 GB ukaongeza pesa zikipatikana. Kwa mwenye bajeti ya 30,000 au zaidi kidogo, mtumba wa kizazi cha 8 wenye hali nzuri utamfaa kuliko mpya ya Celeron. Bei hupanda na kushuka, kwa hivyo uliza maduka matatu kabla ya kutoa pesa.

Ziko pia Chromebook zilizotumika mashuleni ng'ambo, ambazo huuzwa rahisi sana. Si mbaya kwa mtoto wa kusoma na kuandika, lakini kila moja ina tarehe yake ya mwisho ya kupokea marekebisho. Tafuta aina yake kwenye intaneti uijue tarehe hiyo kwanza. Ikiwa imepita au imebaki miezi, iache.

Laptopu au kompyuta ya mezani?

Kwa pesa ileile, kompyuta ya mezani hukupa nguvu zaidi, na ikiharibika hutengenezeka kwa urahisi. Dell OptiPlex 7060 na HP EliteDesk 800 G4 ni za kizazi cha 8. Nyumba yenye watoto watatu wanaopokezana hufaidika nayo: iko sebuleni, kila mtu anaona kinachofunguliwa, wala haitoki mlangoni ndani ya mkoba wa mtu.

Ubaya wake ni stima. Ikipotea, kazi isiyohifadhiwa nayo imepotea, kwa hivyo hesabu gharama ya UPS na ya skrini ndani ya bajeti. Laptopu ina betri yake. Mtaa wenu ukiwa ni wa stima kupotea mara kwa mara, au mwanafunzi akiwa analala bweni, laptopu ndiyo jibu.

Dakika kumi na tano dukani

Sokoni mtu huitikisa nazi asikie maji kabla ya kulipa. Itikise na kompyuta hivi:

1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya Performance. Hapo utaona jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM, na kama diski ni SSD.

2. Angalia betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotajwa. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa umeshuka chini ya nusu, dai betri nyingine au upunguziwe bei.

3. Ingia Settings, kisha System, kisha Activation, uone kama Windows imesajiliwa. Ukikuta maneno ya kukutaka uisajili, uliza nani atalipia.

4. Omba ianzishwe upya mbele yako. Ikitaja jina la kampuni fulani na kudai akaunti ya mfanyakazi, au ikidai nywila kabla Windows haijawaka, irudishe. Mashine hiyo bado imefungwa na mwenyewe wa kwanza, na huenda haikutoka kwake kwa njia ya halali.

5. Andika kwa kila kitufe. Kibodi ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya namba 3, na alama ya @ haiko juu ya 2 kama kwenye ya Marekani. Kisha jaribu kamera, spika, wifi, matundu yote ya USB na chaja.

Muuzaji akikuharakisha, hiyo nayo ni habari. Tumelelewa tukijua kwamba mwenye bidhaa haifichi kasoro yake, na mnunuzi kukagua si kumvunjia mtu heshima.

Malipo na karatasi

Dai risiti yenye jina la duka, namba ya mashine na muda wa warantii. Maneno ya mdomo husahaulika duka likihama. Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, lakini mnyonge asiye na risiti hata sheria itamsaidia kwa shida.

Kwa wanaolipa pole pole, uliza mambo mawili kabla ya kutia sahihi: jumla yote itakuwa shilingi ngapi, na ukichelewa itakuwaje. Bei ya mkopo iliyokubaliwa tangu mwanzo na isiyobadilika ni kitu kimoja. Nyongeza inayokua kila unapochelewa ni kitu kingine, na hapo ndipo riba hujipenyeza. Kwa lenye utata, muulize sheikh wa mtaani kwako.

Ikishafika nyumbani

Pwani yetu ina joto, unyevunyevu na chumvi ya bahari, na vyuma havipendi hivyo. Usiiweke kompyuta dirishani panapoingia upepo wa baharini, wala usiitumie juu ya godoro, kwani hapo matundu ya hewa huziba. Mpe fundi aitoe vumbi kwenye feni mara moja kwa mwaka. Stima ikipotea, chomoa, kwa sababu mara nyingi hurudi kwa kishindo.

Na aliyekwisha kununua ya kizazi cha 6 asikate tamaa. Microsoft imeweka mpango wa kurefusha marekebisho ya usalama ya Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026. Jisajili kupitia sehemu ya Windows Update. Baada ya hapo, fundi anaweza kukuwekea Linux Mint, ambayo ni ya bure na huendesha mashine za zamani vizuri. LibreOffice nayo ni ya bure, na inafungua na kuandika nyaraka za Word. Mwanafunzi atasoma na kuandika bila wasiwasi.

Muuzaji asiyetaka maswali atakwambia mchagua nazi hupata koroma. Mwache aseme. Wewe shika manne: kizazi cha 8 kwenda juu, RAM ya 8 GB, SSD ya 256 GB, na risiti mkononi. Likikosekana moja, duka la pili liko hatua chache mbele.