Roboti ya Idd na Amana ya Mzazi

Idd inapokaribia, mzazi anayetafuta zawadi ya mtoto, awe hapa Matai au Sumbawanga mjini, hukutana siku hizi na roboti ndogo za plastiki zinazoendeshwa kwa rimoti. Mtoto huitamani, naye mzazi hujiuliza: je, huu si mchezo wa upuuzi na israfu?

Tukumbuke kwamba dini yetu haikumnyima mtoto mchezo. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaona wanasesere wa Bi Aisha (r.a.), na miongoni mwao farasi mwenye mbawa. Alimwuliza habari zake, na jawabu la Bi Aisha kuhusu farasi wa Nabii Sulaiman (a.s.) likamfanya acheke. Hakukemea, aliuliza, akasikiliza.

Wala mashine zinazojiendesha si jambo geni kwa Waislamu. Mwaka 1206 Ismail al-Jazari, fundi wa watawala wa Diyarbakir, alikamilisha kitabu kilichoeleza saa za maji na sanamu za wapiga muziki zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji. Watoto wetu nao, wanaotengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili kuukuu, wamo katika njia hiyo hiyo ya ufundi.

Basi, kinachotofautisha zawadi yenye faida na israfu ni nafasi ya mzazi. Tuketi na mtoto, tumweleze: ukibonyeza kitufe, rimoti hutuma mawimbi ya redio au mwanga usioonekana kwa macho, kipokezi ndani ya roboti huipokea amri na kuruhusu umeme wa betri ufike kwenye mota. Kisha aizibe ncha ya rimoti kwa kitabu kinene. Roboti ikiendelea kutii, yamkini inatumia mawimbi ya redio. Ikikataa, yamkini ni mwanga. Hapo mchezo umekuwa somo.

Lipo pia jambo la hatari ambalo wengi wetu hatulijui. Baadhi ya rimoti hutumia betri bapa za duara, mfano wa kitufe cha koti. Mtoto mdogo akiimeza, nayo ikakwama kooni, umeme wake huzalisha kemikali inayounguza nyama ya koo, na madhara makubwa yaweza kutokea ndani ya muda wa saa mbili tu. Kwa hiyo, kabla ya kununua, tuhakikishe kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Betri zilizokwisha tuzitoe na kuziweka mbali na watoto. Mtoto akishukiwa kumeza betri, tusimtapishe wala tusimpe chakula, na tusingoje dalili: tumkimbize hospitali akapigwe picha ya eksirei. Kwa sisi wa Matai na vijiji vya Kalambo, ambao huenda tukalazimika kusafiri hadi Sumbawanga, kila dakika ina thamani.

Asiye na uwezo wa kununua asihuzunike wala asikope. Waya, kandambili na saa moja ya baba au mama humfurahisha mtoto pia. Mwenye uwezo naye asidhani kwamba kwa kulipa bei ya roboti amekwisha kutimiza wajibu. Watoto ni amana, nasi tutaulizwa juu yao.

Allah (s.w.) atuwezeshe kuwalea kwa elimu na huruma. Amin.