Pijo, Pazho au Puzho: Ni Nani Aliyekosea?

Muhula uliopita, katika semina moja ya fasihi ya Kiingereza, niliombwa nisome kwa sauti kifungu ambamo mhusika anajigamba kwa gari lake la Peugeot. Nikasoma "Pijo", kama nilivyolisikia jina hilo tangu utotoni kwenye stendi ya magari. Darasa likaangua kicheko. Mwenzangu mmoja akanisahihisha: "Pijo ndiyo nini bwana? Sema pazho!" Nikanywea. Kwa wiki tatu sikutia neno katika semina ile. Makala haya yamezaliwa na kimya hicho, na swali lake ni moja tu: je, aliyenisahihisha alikuwa sahihi?

Tuanze na jina lenyewe. Peugeot ni jina la ukoo wa Kifaransa. Irabu yake ya kwanza hutamkwa kwa kuviringa midomo kama anayesema "u", huku ulimi ukiwa umekaa mahali pa "e". Kiingereza hakina irabu hiyo. Basi Mwingereza huazima iliyo jirani, ile ya neno "bird", akapata kitu kama "pazho"; Wamarekani wengi huweka "u", wakasema "puzho". Mswahili hana irabu hiyo wala hana hiyo "zh", kwa hiyo husema "Pijo". Wote watatu wamefanya kazi ile ile ambayo wanaisimu wetu huiita utohozi: kulivisha neno geni sauti za nyumbani. Ikiwa mimi nilikosea, basi London na New York nazo zimekosea.

Isitoshe, wenye Kiingereza wenyewe hawaelewani. Tazama Nike, jina la mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki wa kale. Marekani, na kampuni yenyewe, husema "Naiki". Uingereza wako wengi wasemao "Naik", kwa kufuata mfano wa "bike" na "like". Hali kadhalika IKEA, kampuni iliyoanzishwa Uswidi mwaka 1943, jina lake likiundwa kwa herufi za mwanzo za Ingvar Kamprad, shamba lao la Elmtaryd na kijiji cha Agunnaryd. Mswidi hutamka "ikea", mkazo ukiwa katikati. Mwingereza husema "aikia". Sababu ni ya kihistoria. Kati ya karne ya 15 na ya 18, irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake, na "i" ndefu ikawa "ai". Tahajia ikabaki nyuma. Ajabu ni kwamba Mswahili asiyejua lolote, akiyasoma majina hayo mawili kama yalivyoandikwa, atakuwa karibu zaidi na Mgiriki wa kale na Mswidi kuliko Mwingereza!

Kuna atakayepinga: "Lakini jina ni la mwenyewe, naye ndiye ajuaye litamkwavyo." Kwa jina la mtu nakubali kabisa, hata mimi sipendi langu liharibiwe. Lakini jina la bidhaa lina mambo yake. Hyundai ni neno la Kikorea lenye maana ya usasa. Kwa miaka mingi Wamarekani wamelitamka "Handei", likifanana na "Sunday", nao Waingereza wakisema "Haiundai", na magari yakauzwa kote kote. Ilipofika Januari 2023 ndipo kampuni ilipotangaza Uingereza kwamba watu walisogeze karibu na Kikorea. Kwa hiyo "usahihi" ulibadilika kwa tangazo la biashara.

Basi kwa nini tunachekana? Jibu liko katika isimu-jamii. Mwaka 1962 William Labov alizunguka maduka matatu makubwa ya New York, la matajiri, la watu wa kati na la watu wa chini, akiuliza wauzaji swali ambalo jibu lake lilikuwa "fourth floor". Kadiri duka lilivyokuwa la bei ghali, ndivyo sauti "r" ilivyosikika zaidi. Sauti ilikuwa imebeba tabaka. Majina ya bidhaa hubeba mzigo huo huo. Mtu anayeogopa kuchekwa huweza hata kupitiliza: wapo wanaoidondosha "t" ya mvinyo wa Moët ili waonekane wanajua Kifaransa, kumbe "t" hiyo hutamkwa. Na wenye biashara wanaijua hofu hiyo. Häagen-Dazs, aiskrimu iliyobuniwa New York na Reuben na Rose Mattus, ina jina lenye sura ya Kidenmaki, ilhali halina maana yoyote katika Kidenmaki. Hapo mtu atamsahihisha mwenzake kwa kufuata lugha gani, jamani?

Kwetu sisi wahakiki, jambo hili si dogo. George Bernard Shaw aliijenga tamthilia nzima ya Pygmalion juu yake: Eliza, muuza maua, anabadilishwa matamshi, na pamoja nayo anabadilishiwa nafasi katika jamii. Mwandishi anapomtilia mhusika jina la bidhaa mdomoni na kulipotosha, tusiishie kuandika "hapa pana ucheshi". Tuulize: anayecheka ni nani, anasimama wapi, na kicheko chake kinamnyamazisha nani?

Narudi kwenye semina yangu. Mwenzangu hakuwa amenifundisha Kifaransa. "Pazho" yake ni utohozi wa Mwingereza, kama "Pijo" yangu ilivyo utohozi wa Mswahili. Nyani haoni kundule. Nikizungumza na Mwingereza nitasema "pazho" ili tuelewane, sina ugomvi. Lakini wiki ya nne nilinyoosha mkono, nikachangia hoja kuhusu mhusika yule na gari lake. Nikaliita Pijo.