Tamthilia Isikike, Hadithi Fupi Ipekuliwe

Wiki jana tuliitazama Karatasi ya Tatu ya Kiswahili kwa jumla: alama 80 kati ya 200 za somo zima, muda wa saa mbili na nusu, maswali manne ya alama 20 kila moja. Swali la kwanza ni la lazima. Matatu yaliyobaki mtahiniwa huyachagua mwenyewe kutoka sehemu nyingine, ila haruhusiwi kujibu mawili ya sehemu moja. Leo tunaingia katika sehemu mbili zinazowaponyoka wanafunzi wengi wa kidato cha tatu na cha nne. Tamthilia wanaisoma kama hadithi, na hadithi fupi wanaisoma kama riwaya iliyokatwa. Ndiyo maana utamkuta mwanafunzi anayeweza kukusimulia kisa chote kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini ukimpa dondoo la mistari miwili anakwama.

Kwanza niseme jambo kuhusu mifano nitakayoitumia. Watahiniwa wa sasa wanasoma tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege na mkusanyiko wa Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine. Hata hivyo, mifano mingi nitaitoa katika vitabu vilivyotangulia hivyo: Kigogo ya Pauline Kea na Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Nimekusudia. Nikikuchambulia kitabu cha sasa hapa, kuna atakayeikata makala hii, aibandike daftarini na kuikariri neno kwa neno, na kukariri uchambuzi wa mtu mwingine ndiko hasa ninakokupinga. Vitabu teule hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Namna ya kusoma hukaa na mtu.

Tuanze na tamthilia. Katika riwaya kuna msimulizi anayekunong'oneza kwamba fulani ni mchoyo, fulani ana wivu, fulani amelala macho usiku kucha akiwaza. Mtunzi wa tamthilia amejinyima sauti hiyo. Amebaki na maneno ya wahusika pamoja na yale maelezo mafupi ya jukwaani, yanayochapishwa kwa italiki au ndani ya mabano, ambayo wanafunzi wengi huyaruka ili wamalize ukurasa haraka. Sifa zote utakazoandika kuhusu mhusika zimetoka humo tu. Ukiyaruka maelezo ya jukwaani umeitupa nusu ya ushahidi wako, kwa sababu mara nyingi mhusika husema hivi huku mwili wake ukifanya vile, na mtahini huuliza pale pale.

Chukua mwanzo wa Kigogo. Tuko Sagamoyo, katika karakana ya soko la Chapakazi. Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago. Sherehe za uhuru zinakaribia, na Kenga, mshauri wa kiongozi wa Sagamoyo, Majoka, anawaletea keki. Sudi anaikataa. Aliyesoma muhtasari ataandika, “Sudi ni jasiri,” kisha aweke nukta. Hajakosea, lakini jibu hilo ni jembamba mno. Aliyesoma tamthilia yenyewe atajiuliza maswali zaidi. Nani wengine wapo jukwaani Sudi anapokataa? Ni mafundi wa hali moja naye, wanaofanya kazi ile ile katika soko lile lile, na wao hawaioni keki kwa jicho lake. Kwa hiyo kukataa kwake kunawasema wote watatu kwa mpigo mmoja. Keki nayo imetoka wapi, na imemfikia nani ikiwa kiasi gani? Wananchi wanaoadhimisha uhuru wao wanaletewa kipande kutoka mezani pa mtu mwingine. Ukiliona hilo, umepata jazanda, kinaya na maudhui ya uongozi mbaya katika tukio moja dogo, na mfano wako hautafanana na wa mwanafunzi wa dawati la pili.

Usiwadharau wahusika wadogo. Mwishoni mwa tamthilia hiyo, Majoka anamwamuru Kingi, mkuu wa polisi, awafyatulie risasi wananchi waliokusanyika, na Kingi anakataa. Insha nyingi juu ya kuanguka kwa Majoka huwataja mwanaharakati Tunu na Sudi, na ni haki yao kutajwa, kisha humwacha Kingi nje. Lakini utawala ule umesimama juu ya mikono ya watu wanaotii, na siku mkono mmoja unapokataa, amri inabaki maneno matupu. Mtunzi angeweza kummaliza Majoka kwa njia nyingine kadhaa. Amechagua hii. Kila unapokutana na uamuzi wa namna hiyo, simama, jiulize kwa nini mtunzi ameuchagua, na uandike jibu lako pembeni mwa ukurasa kwa penseli.

Sasa dondoo. Swali la muktadha kwa kawaida hubeba alama 4: msemaji, msemewa, mahali, na sababu ya kusemwa kwa maneno hayo. Tatu za kwanza wengi huzipata. Ya nne huwapotea kwa sababu wanasimulia kilichofuata, au wanaeleza maudhui ya tamthilia nzima, ilhali kinachotakiwa ni tukio au neno lililomfanya mhusika atamke vile, pale pale, wakati ule. Zoezi la kulitibu hili ni rahisi na halihitaji mwalimu. Fungua ukurasa wowote, chagua usemi mmoja, kisha usome kurudi nyuma mpaka uikute cheche yenyewe. Iandike kwa sentensi moja. Ukifanya hivyo na semi mbili au tatu kila jioni kwa muhula mmoja, dondoo litakoma kukutia baridi.

Zoezi la pili ni la kikundi. Gaweni wahusika na msome kwa sauti, kila mmoja na wake. Kisha mmoja awafunike macho wenzake, kwa maana ya kwamba asome maneno bila kutaja jina la msemaji, na wengine wamtambue. Mtashangaa mtakavyokosea mara za kwanza. Mtu akisema “huyu ni Kenga, kwa sababu anambembeleza mkubwa huku akimchochea,” huyo amekwisha kueleza sifa ya mhusika kwa ushahidi wa lugha yake, na ndicho mtahini anachotaka akisema “thibitisha.” Vikundi vya waigizaji vinavyozuru shule kuigiza vitabu teule navyo vinasaidia sana, hasa kwa shule zisizokuwa na ukumbi wala tamasha za drama. Nendeni mkavitazame. Ila kumbukeni kwamba waigizaji hupunguza maonyesho ili wapate kumaliza, na huongeza vichekesho vya kwao. Mtihani hutungwa kutokana na kitabu.

Kuhusu Bembea ya Maisha nitasema kidogo tu. Arege ndiye aliyetunga pia Mstahiki Meya, iliyowahi kutahiniwa, inayohusu mji wa Cheneo chini ya Meya Sosi. Kule mgogoro ulikuwa wa baraza la mji na wafanyakazi wake. Hapa ameingia nyumbani: ugonjwa wa Sara unazigusa nyumba mbili, ya kwake na Yona, na ya binti yao Neema na mumewe Bunju. Nyumbani watu hawahutubiani. Huzungumzia chakula, dawa, nauli, nani amechelewa kurudi, na mambo mazito hupita katikati ya hayo. Kwa hiyo usiingoje hotuba ndefu ndipo ukae chonjo. Fuatilia nani katika kila nyumba ana neno la mwisho kuhusu pesa, na nani analazimika kuomba.

Hadithi fupi inadai macho ya aina nyingine. Riwaya ina nafasi ya kurudi na kukueleza jambo uliloshindwa kulielewa. Hadithi fupi haina nafasi hiyo, hivyo mwandishi huacha mengi nje akitegemea utayajaza mwenyewe kwa vidokezo. Anayeisoma mara moja kwa kasi, akitafuta kisa, anakutana na vidokezo hivyo bila kuvitambua. Ushauri wangu ni kwamba kila hadithi isomwe mara mbili, na mara ya pili isomwe siku inayofuata, ukiwa umekwisha kujua mwisho wake. Usomaji huo wa pili ndio wenye alama.

Nitakaa kidogo kwenye hadithi ya Alifa Chokocho, “Shogake Dada ana Ndevu,” kwa sababu sijui mfano ulio bora zaidi kwa mwanafunzi. Bwana Masudi na Bi Hamida wanajivunia binti yao Safia: mtulivu, mcha Mungu, mwenye bidii ya masomo. Rafiki yake Kimwana, aliyejisitiri kwa mavazi ya heshima, humjia nyumbani ili wasome pamoja. Mdogo wake Safia, Lulua, ndiye anayeona kwamba shoga wa dada yake ana ndevu, naye analisema. Wazazi hawamwamini. Baadaye Safia anapata mimba, na jaribio la kuitoa linamwua.

Sasa rudi kwenye anwani ya hadithi. Anwani ni maneno ya mtoto. Ukweli wote umewekwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla hujamjua mhusika hata mmoja, na bado unaposoma unavutwa na sifa za wazazi hadi unausahau. Mwandishi amekufanyia wewe msomaji yale yale yaliyowafika Masudi na Hamida. Katika usomaji wa pili kila sifa wanayommiminia Safia inauma, kwa maana sasa unajua wanamsifu nani na nini kinaendelea chumba cha pili. Hapo una kinaya, taharuki, matumizi ya anwani na malezi kama maudhui, na unaweza kuvieleza vyote bila kutoka nje ya nyumba ile. Swali likija, “Jadili ufaafu wa anwani,” mwenzako ataandika kwamba anwani inafaa kwa kuwa rafiki alikuwa na ndevu. Wewe utaeleza ni nani aliyesema, nani hakusikia, na kutosikia huko kuligharimu nini.

“Tumbo Lisiloshiba” ya Said Ahmed Mohamed inafundisha jambo jingine. Lile jitu linaloingia Mkahawa Mshenzi na kula chakula chote halipewi jina. Watu wa mtaa wa Madongoporomoka wana majina, Mzee Mago akiwa mbele yao, lakini mlaji hana. Baadaye mabuldoza yanaingia mtaani. Hakuna mahali ambapo msimulizi anakushika mkono na kukuambia kwamba ulaji wa mkahawani na unyakuzi wa ardhi ni tendo moja. Kazi hiyo ameachiwa msomaji, na anayeifanya ndiye anayeweza kuandika juu ya jazanda kwa kujiamini. Katika “Nizikeni Papa Hapa,” Ken Walibora ameuweka uzito wake kwenye hatima: Otii aliomba azikwe mjini alikofia, jamaa zake wakashikilia mila na kuusafirisha mwili, na ajali ikawapata njiani. Hadithi nzima imeelekezwa kwenye tukio hilo.

Kuna kosa moja la kizembe ambalo linaniudhi kwa kuwa halina sababu ya kuwepo. Mkusanyiko una waandishi wengi. Tumbo Lisiloshiba ilihaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, lakini hadithi zake zimeandikwa na watu mbalimbali, kuanzia Said Ahmed Mohamed hadi Salma Omar Hamad na Robert Oduori. Mwanafunzi anapoandika “mwandishi wa diwani hii anaonyesha,” anamwambia mtahini kwamba hajafungua hata ukurasa wa yaliyomo. Jifunze nani ameandika nini. Ni kazi ya nusu saa.

Maswali ya hadithi fupi hupenda pia kukusanya hadithi kadhaa chini ya maudhui mamoja: elimu, nafasi ya mwanamke, utabaka, ukiukaji wa haki. Hapa wengi hujaza kurasa kwa kusimulia hadithi ya kwanza hadi ya nne, hoja zikiwa zimezama ndani. Anza kila aya na hoja yako, ilete hadithi kama ushahidi wa sentensi mbili au tatu, uieleze, uende zako. Mtahini hutuza hoja.

Na ile miongozo inayouzwa kila duka la vitabu? Siwakatazi. Wengi walioiandika ni walimu wazoefu, na mwongozo mzuri hukumbusha mbinu uliyoisahau. Ninachokataa ni mwanafunzi kuununua kabla ya kitabu chenyewe, au badala yake, na ninasikitishwa zaidi na shule zinazoruhusu hilo. Mwongozo umekwisha kuchagua ni mistari ipi ya maana, na mtahini hafungwi na chaguo hilo. Anaweza kutoa dondoo kutoka ukurasa ambao hakuna mwongozo ulioutaja, na mara kadhaa hufanya hivyo. Usome baada ya kukimaliza kitabu mara mbili, ukiwa na kalamu mkononi, tayari kubishana nao.

Zoezi la wiki hii linatoka katika Mapambazuko ya Machweo. Soma “Fadhila za Punda” ya Rayya Timammy na “Pupa” ya John Habwe, zote siku moja, bila kufungua mwongozo. Katika kila moja, weka alama mahali ambapo wewe msomaji ulianza kulijua jambo ambalo mhusika mkuu bado halijui, kisha uandike ni neno gani au tendo gani lililokudokezea. Tutaanza na majibu yenu wiki ijayo kabla ya kuingia kwenye ushairi.