Umeachiwa ‘Mguu wa Kuku’ ya Mzee? Soma Hii Kabla Uifunge Kiunoni

Ukitoka Roret, bonasi ya chai haina siri. Ikiingia tu, kijiji kizima kinajua nani ameomoka. Ndio maana wasee wengine wenye leseni hubeba bastola, na mara nyingi si hizi mpya za plastiki. Ni rivolva ndogo ya kitambo, kama Colt Detective Special iliyotoka 1927, ama Smith & Wesson Chiefs Special ya 1950. Inaingia chini ya koti bila kelele, lakini usipoijua, itakuumiza wewe kabla ya mwizi.

Kwanza, tuelewane. Leseni ni ya mtu, si ya boma. Mzee akiaga, hiyo bastola huirithi kama shamba la chai ama ng'ombe. Ipelekwe kituo cha polisi, halafu kama unaitaka, uombe cheti chako mwenyewe kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Ukipatikana nayo bila cheti, hakuna karao atasikiza story za marehemu. Jela ni yako.

Sasa kama uko sawa na sheria, angalia mpini. Toa risasi zote, hesabu matundu ya silinda moja moja, halafu uangalie tena. Shika bastola kama unalenga ukuta usio na mtu nyuma yake. Hizi za kitambo zilikuja na vipande viwili vyembamba vya mbao. Utaona kuna nafasi tupu kati ya kidole chako cha kati na chuma kinachozunguka triga. Hapo ndipo shida iko. Ukifyatua, bastola inaruka juu, chuma kinagonga kifundo cha kidole, na risasi ya pili inaenda kwa jirani.

Dawa ni mbili. Kuna kipande kidogo cha kujaza hiyo nafasi, mbao zako za zamani zikibaki. Hii ni poa kama mkono wako ni mdogo na unataka bastola ifichike. Ama uchukue mpini wa raba, mnene zaidi. Raba inashika vizuri hata mkono ukiwa na jasho, na inapunguza kile kishindo. Ubaya wake ni kwamba inashika pia shati na sweta. Nguo inapanda, mpini unachungulia, na soko lote linajua umebeba.

Kabla utoe doh, jua mpini wa Colt hauingii kwa Smith & Wesson, hata kama zinakaa mapacha. Pia, Smith & Wesson nyingi za kitambo zina namba chini ya kitako. Raba ikiifunika, siku ya kukaguliwa utaanza kutafuta bisibisi mbele ya polisi. Na kazi ya kubadilisha usipelekee fundi wa jua kali. Tafuta fundi wa silaha aliyesajiliwa, na umwambie akague bastola yote, maana chuma kikizeeka huchoka. Usiiwekee risasi kali kuliko zile ilitengenezewa.

Kubeba nako kuna akili. Usiichomeke tu kwa suruali, na usiichanganye na funguo na coins mfukoni. Nunua holsta ngumu inayofunika triga yote, na mshipi mzito wa kuibeba. Rivolva zingine za zamani sana hazina kizuizi cha nyundo, kwa hivyo ikianguka kichwa-chini ukishuka kwa nduthi, inaweza kulia yenyewe. Kama fundi hajakuhakikishia yako inacho, acha tundu lililo chini ya nyundo likiwa tupu. Heri risasi nne na mguu mzima.

Halafu kuna mvua yetu. Huku Kericho hunyesha karibu mwaka mzima, na holsta ya ngozi hunyonya maji kama sponji. Ukifika home, toa bastola, ipanguse, ipake mafuta kidogo, na uanike holsta kando. Chuma kikilala ndani ya ngozi yenye unyevu, kutu haichelewi. Yenyewe ilale kwa sefu iliyofungwa, si chini ya mto, juu watoto hujua kila kitu kiko wapi.

Mwisho, bastola na pombe haziketi meza moja. Kuwa mlevi ukiwa nayo ni kosa kisheria, na kuitoa ili watu waone uko nayo ni njia fupi ya kupoteza cheti. Mpini bora ni ule unaokufanya ulenge vizuri siku moja mbaya. Siku zingine zote, mtu yeyote asijue uko nayo.