Unakwenda kuwaona sokwe mtu likizo hii? Linda afya yako, na yao pia

Likizo ya kiangazi inapokaribia, wengi wetu tulioko ughaibuni huanza kufunga mizigo kwenda nyumbani. Zamani safari ilikuwa ni kuwaona wazee, kuhudhuria harusi na kurudi kazini. Siku hizi wengi wanataka watoto waliozaliwa huku waijue nchi, na baadhi wanafika mpaka Kigoma au magharibi ya Uganda kuwaona sokwe mtu porini.

Ni safari nzuri. Lakini ina mambo ya kiafya ambayo safari ya kuangalia simba ukiwa ndani ya gari haina. Hapa unatembea kwa miguu msituni, tena unamkaribia mnyama anayeweza kufa kwa mafua yako. Leo tuyaangalie mambo hayo moja baada ya jingine.

WANAPATIKANA WAPI?

Tanzania ina hifadhi mbili zinazojulikana zaidi, zote kando ya Ziwa Tanganyika. Ya kwanza ni Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, unakofika kwa boti. Hapo ndipo Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alipoanza utafiti wake Julai 1960. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ya pili ni Milima ya Mahale, kusini zaidi, ambako watafiti wa Kijapani walianza kazi mwaka 1965. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na kilele chake cha Nkungwe kina mita 2,462. Uganda wengi huenda msitu wa Kibale, karibu na Fort Portal.

Ndugu zetu waliotokea kambi ya Nyarugusu na sasa wako Marekani wanaijua Kigoma kuliko wengi wetu. Hata hivyo, ushauri huu unawahusu na wao, na sababu yake ni hii ifuatayo.

MALARIA: "MIMI NIMEZALIWA KULE"

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mtu aliyekulia kwenye malaria hujenga kinga kiasi, lakini kinga hiyo inategemea kuumwa na mbu mara kwa mara. Ukikaa London, Toronto au Muscat miaka michache, inapungua sana. Watoto waliozaliwa huku hawana kabisa. Ndiyo maana Uingereza wagonjwa wengi wa malaria si watalii wa Kizungu, bali ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kusalimia nyumbani bila kinga.

Kwa hiyo muone daktari au kliniki ya wasafiri wiki 6 mpaka 8 kabla ya safari. Dawa za kinga zinazotumika zaidi ni hizi:

1. Malarone (au dawa nyingine yenye mchanganyiko huo huo). Unaanza siku 1 au 2 kabla ya kuingia eneo la malaria, unameza kila siku, na unaendelea siku 7 baada ya kutoka.

2. Doksisaiklini. Nayo unaanza siku 1 au 2 kabla na kumeza kila siku, lakini unaendelea wiki 4 baada ya kutoka. Haifai kwa wajawazito na watoto wadogo, na ngozi huungua kwa jua kwa urahisi zaidi.

3. Meflokwini. Inamezwa mara 1 kwa wiki, ikianza wiki 2 au 3 kabla, na kuendelea wiki 4 baada ya kurudi. Haifai kwa mtu mwenye kifafa au aliyewahi kuwa na maradhi ya akili.

Ipi inakufaa ataamua daktari wako. Klorokwini tuliyoizoea utotoni haifai tena kwa malaria ya Afrika Mashariki. Na usiache dawa eti kwa sababu umesharudi salama! Siku za mwisho ndizo zinazoua vijidudu vilivyojificha. Pamoja na dawa, lala ndani ya chandarua chenye dawa, paka dawa ya kufukuza mbu, na vaa mikono mirefu kuanzia jioni.

HOMA YA MANJANO

Ukiingia Uganda utatakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania haimdai mtu anayetoka moja kwa moja Ulaya au Marekani, lakini inamdai anayetoka nchi zenye ugonjwa huo. Maana yake, ukianza Kibale kisha ukaenda Kigoma, Dar es Salaam au Zanzibar, cheti ni lazima. Wanaoishi Oman pia wakumbuke kuwa wanaweza kuulizwa cheti wakati wa kurudi.

Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwani cheti kinaanza kufanya kazi baada ya siku hizo. Tangu Julai 2016 cheti kinatambuliwa maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye kinga dhaifu wazungumze na daktari kwanza, maana chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

MAFUA YAKO NI HATARI KWA SOKWE

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Sokwe mtu ni ndugu yetu wa karibu sana kimaumbile. Vinasaba vyake vinafanana na vyetu kwa takriban asilimia 98. Kwa hiyo magonjwa yetu mengi yanampata, lakini hana kinga ya virusi ambavyo sisi tumevizoea tangu chekechea.

Mifano ipo. Mwaka 1966 ugonjwa unaofanana na polio uliwapooza sokwe kadhaa wa Gombe wakati polio ilipokuwa ikiwapata watu wa Kigoma, na wengine walikufa. Mwaka 2006 ugonjwa kama mafua uliingia kwenye kundi moja la Mahale, na sokwe wapatao 12 walikufa au kutoweka. Mwaka 2013 kule Kibale, katika kundi la sokwe 56, watano walikufa kwa ugonjwa wa kifua. Kirusi kilichopatikana ni cha jamii ile ile inayoleta mafua ya kawaida kwa binadamu!

Fikiria sasa: sokwe jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka 5 hivi. Wakifa watano kwa mwezi, kundi linahitaji miaka mingi kurudi lilivyokuwa.

Ndiyo maana kuna masharti. Utakaa umbali wa angalau mita 10. Utavaa barakoa pale inapotakiwa, na Mahale ni lazima. Kundi la wageni ni dogo, na muda wa kuwaangalia ni saa 1 tu. Huruhusiwi kula mbele yao, kutema mate wala kuacha karatasi uliyofutia pua. Ukipiga chafya, geuka upande wa pili na uzibe kwa kiwiko. Ukibanwa na haja kubwa njiani, mwambie muongozaji, atakuonyesha pa kwenda mbali na sokwe, na shimo lichimbwe na kufukiwa.

Sisi wa ughaibuni tunahusika kwa namna ya pekee. Tunakaa saa nyingi ndani ya ndege, kisha tunafikia nyumba yenye watoto kumi, kila mmoja anakohoa. Ukipanga kwenda kwa sokwe siku 2 baada ya hapo, huenda umeshabeba kitu bila kujua. Ukiwa na mafua, homa, kikohozi, vidonda vya mdomoni au unaharisha, USIENDE. Tunajua inauma, kwa sababu kibali kimeshalipiwa. Basi muulize wakala kabla ya kulipa: nikiumwa narudishiwa nini, au naweza kubadilisha siku? Ulizia pia umri wa chini unaoruhusiwa kwa watoto, kwani hifadhi hazifanani na watoto wadogo hawakubaliwi.

Hakikisha pia chanjo za kawaida za familia zimekamilika: surua, polio, pepopunda, mafua ya msimu na corona. Zinakulinda wewe na zinamlinda sokwe.

MIGUU, MOYO NA MAJI

Sokwe hawakai sehemu moja. Siku nyingine unawakuta baada ya nusu saa, siku nyingine baada ya saa 4 au zaidi. Kibale ardhi ni ya wastani, lakini Gombe na Mahale kuna miinuko mikali na joto la unyevunyevu. Kwa mtu anayeendesha lori au kukaa ofisini mwaka mzima, hii si kazi ndogo. Anza kutembea nusu saa kila siku miezi 2 kabla, na panda ngazi.

Wenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au maradhi ya moyo wapate ruhusa ya daktari. Beba dawa zako kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Mwenye pumu asiache pampu yake hotelini. Anayechoma insulini aibebe mahali pa baridi, pamoja na kitu kitamu, ila akile mbali na sokwe.

Vaa viatu imara, soksi ndefu, na suruali uliyoichomekea ndani ya soksi ili siafu wasipande. Beba maji lita 2.

ZIWA, POPO NA NYAMA YA PORI

Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu na yanavutia, lakini karibu na vijiji yanaweza kuwa na kichocho. Ukiogelea, mwambie daktari ukirudi. Kipimo hufanywa baada ya wiki kadhaa, na dawa ipo.

Usiingie mapango yenye popo. Mwaka 2008 mtalii mwanamke kutoka Uholanzi alikufa kwa homa ya Marburg baada ya kuingia pango la popo magharibi ya Uganda. Usiguse mzoga wowote msituni, na nyama ya pori ya nyani au sokwe usiile hata ukikaribishwa kwa heshima. Virusi vya Ebola vimewahi kumpata mtafiti aliyepasua mzoga wa sokwe kule Ivory Coast mwaka 1994.

Wengine huuliza: je, naweza kupata Ukimwi kwa kuwaangalia? Hapana. Ni kweli kirusi cha Ukimwi kilianzia kwa sokwe, kusini mashariki ya Kameruni, lakini kilipita kwa njia ya damu, na inaaminika ni wakati wa kuwinda na kuchinja. Hakisafiri hewani.

UKISHARUDI

Ukipata homa wakati wowote ndani ya mwaka 1 baada ya kurudi, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme wazi: "Nimetoka Afrika, nataka kupimwa malaria." Madaktari wa huku wanaweza kudhani ni mafua. Malaria kali inaweza kuua ndani ya siku chache, hasa kwa mtoto na mjamzito. Usingoje panadol ifanye kazi.

Makala haya hayachukui nafasi ya daktari wako. Yakate, yaweke kwenye friji, na mpelekee ndugu anayejiandaa kusafiri. Kinga ni bora kuliko tiba. Tunawatakia safari njema, na wasalimieni nyumbani!